Kwa nini M23 inaanza na makutano namba 7? Jibu kwa dereva wa Leicester

Swali: Mimi ni mtu wa Mombasa, sasa naishi Leicester, Uingereza, na kazi yangu ni kupeleka mizigo kwa vani. Nimejikuta nazipenda barabara za huku hadi wenzangu kazini wananishangaa. Lakini namba zake zinanichanganya. A1 inakuwa A1(M), halafu inarudi kuwa A1 tu. M23 inaanza na makutano namba 7, ya kwanza hadi ya sita sijayaona. M25 wanasema ni duara la kuizunguka London, lakini pale Dartford, inapovuka mto Thames, inakatika. Je, ni uzembe, au kuna mpango? Na mtu anayetaka kuzijua barabara hizi kwa undani aanzie wapi?

Jibu: Ndugu yangu, salaam. Mpango upo, tena si mmoja. Ipo kadhaa, ilitungwa na watu mbalimbali kwa nyakati mbalimbali, na karibu yote iliachwa kabla haijakamilika. Namba ikiruka, au herufi ikitiwa mabano, ujue hapo mpango mmoja ulikwama au ulikutana na mwingine. Nitaanza na ule mkongwe, maana bila huo haya uliyouliza hayafunguki.

Uingereza iliunda Wizara ya Uchukuzi mwaka 1919. Barabara zilikuwa zinatunzwa na halmashauri, na magari yalikuwa yameanza kuwa mengi, yakizichimba barabara za watu ambao wengi wao hawakuwa na gari. Serikali kuu ikakubali kuchangia matunzo. Ichangie barabara ipi, na kiasi gani? Ndipo zikapangwa madaraja: daraja la kwanza lilichangiwa nusu ya gharama, daraja la pili robo. Hizo ndizo A na B unazopita kila siku. Orodha ya namba ilitoka mwaka 1923. Kwa hiyo namba hizi mwanzoni zilikuwa za mhasibu. Msafiri alizikuta baadaye.

Waliozigawa walifanya kazi nzuri mno. Kutoka London walichora barabara sita kama spoku za baiskeli: A1 hadi Edinburgh, A2 hadi Dover, A3 hadi Portsmouth, A4 hadi Bath, A5 hadi Holyhead huko Wales, na A6 hadi Carlisle (siku hizi A6 inaanzia Luton). Scotland wakachora tatu kutoka Edinburgh: A7, A8 na A9. Nafasi iliyo kati ya spoku moja na inayofuata, ukizunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa, ni kanda. Kati ya A5 na A6 ni kanda ya 5, kati ya A6 na A1 ni kanda ya 6, na barabara ya kanda hiyo hupewa namba inayoanza na tarakimu hiyo. Mpaka mmoja tu unakiuka utaratibu: kanda ya 1 na ya 2 zinatenganishwa na mto Thames, si na A2.

Wewe una bahati, kwa sababu A6 inapita katikati ya mji wako. Magharibi yake ni kanda ya 5, mashariki yake ni kanda ya 6. Sasa tazama barabara ya mzunguko wa nje ya Leicester: kuna A563, na upande wa mashariki utakutana na A6030. Tarakimu ya kwanza imekuambia uko upande gani wa A6 kabla hujatazama ramani.

Barabara ikikatiza kanda nyingi, huchukua namba ya kanda iliyo nyuma kuliko zote kwa mwelekeo ule wa saa. A46 inaanzia karibu na Bath, kanda ya 4, inapita kwenu Leicester na kuishia Cleethorpes kwenye bahari ya mashariki, kanda ya 1. Imebaki na 4 yake safari nzima. Lakini ukiitafuta A46 kati ya Coventry na Leicester huioni. M69 ilipojengwa miaka ya 1970, kipande hicho cha zamani kilivuliwa namba. Ukitoka Leicester kuelekea kusini-magharibi kwa B4114 unaendesha juu ya A46 ya zamani, na ndiyo maana mahali pengine ni pana na imenyooka kuliko B nyingine za vijijini. Kwenu Kenya mliona jambo la jamii hii pale A109 ya Mombasa kwenda Nairobi ilipofanywa sehemu ya A8.

Sasa motowei (motorway), zile zenye herufi M. Hapa watu wengi hukosea jambo moja la msingi: hudhani motowei ni barabara pana. Sivyo. Kisheria, motowei hutambulikana kwa watumiaji inaowakataza. Sheria ya Barabara Maalumu ya mwaka 1949 ndiyo iliyoruhusu serikali kujenga barabara zinazowakataza watu wa aina fulani: waendao kwa miguu, wapanda baiskeli, wapanda farasi, matrekta ya mashambani, pikipiki ndogo. Wanaojifunza udereva nao walikatazwa hadi mwaka 2018, walipoanza kuruhusiwa wakiwa na mwalimu mwenye kibali, kwenye gari lenye breki za pande mbili. Kabla ya sheria hiyo, barabara ya umma ilikuwa haki ya kila mtu, hata anayeswaga kondoo. Huwezi kumnyang'anya mtu haki hiyo bila kumpa njia nyingine ya kupita. Shika hilo, maana maswali yako mawili kati ya matatu yanajibika hapo.

Motowei ya kwanza ilikuwa mchepuko wa Preston, Lancashire, kilomita 13 tu. Waziri Mkuu Harold Macmillan aliifungua tarehe 5 Desemba 1958, na siku 46 baadaye ikafungwa kwa matengenezo, kwa kuwa maji yaliyopenya chini ya lami yaliganda na kuyeyuka hadi uso wa barabara ukaharibika. James Drake, mhandisi wa jimbo hilo aliyeisimamia, alikuwa na njia mbili tu kila upande, lakini aliacha nafasi pana katikati akijua ya tatu itahitajika. Ilihitajika, na leo kipande hicho ni sehemu ya M6. Mwaka uliofuata, tarehe 2 Novemba 1959, Waziri wa Uchukuzi Ernest Marples alifungua sehemu ya kwanza ya M1, kutoka Watford hadi Crick karibu na Rugby. Haikuwa na kikomo cha mwendo, wala kingo za chuma katikati. Kikomo cha maili 70 kwa saa kilikuja kwa majaribio Desemba 1965, na mwaka 1967 kikawa cha kudumu.

Angalia sasa tatizo lililojitokeza. M1 ilikuwa imeshachukua jina lake, na inapita magharibi ya A1 kwa umbali mkubwa. Mwaka 1961 ukafunguliwa mchepuko wa Doncaster kwenye A1 yenyewe, wenye hadhi kamili ya motowei. Uitwe nini? M1 ina mwenyewe. Ukiupa namba mpya kabisa, msafiri anayefuata A1 kutoka London hadi Edinburgh, zaidi ya kilomita 650, ataipoteza barabara yake pale Doncaster na kuiokota tena mbele. Wakaamua kuiita A1(M): ni A1 ileile, ila kwa kipande hiki sheria za motowei zinatumika. Mimi naona ni uamuzi mzuri kuliko yote katika mfumo mzima, kwa sababu unampa dereva habari mbili kwa mara moja: njia anayoifuata, na nani haruhusiwi kuwemo.

Kwa nini basi isifanywe motowei yote, ikaisha habari? Pita A1 kati ya Peterborough na Blyth uangalie pembeni: vituo vya mafuta vinafungukia barabarani, mashamba yana mageti yao, vijia vya vijijini vinaingia moja kwa moja. Ukiifanya motowei, mwenye trekta atapita wapi? Lazima umjengee barabara nyingine sambamba. Ndivyo ilivyofanyika Yorkshire kaskazini, kati ya Leeming na Barton, kazi iliyokamilika mwaka 2018: kando ya A1(M) mpya kuna A6055 ya wenyeji. Gharama hiyo ndiyo inayozuia, kwa hiyo A1 hupandishwa hadhi vipande vipande, fedha ikipatikana.

Tena hawakukata tamaa, na ushahidi uko kwenye namba za makutano. Ukitoka kipande cha Peterborough makutano ya mwisho ni namba 17. Yanayofuata, kule Blyth, ni namba 34. Kumi na sita katikati zimewekwa akiba kwa motowei ambayo bado haijajengwa, na huenda mimi na wewe tusiione.

M25 pale Dartford ni mantiki hiyohiyo. Kivuko cha Dartford, yaani mahandaki mawili ya 1963 na 1980 pamoja na Daraja la Malkia Elizabeth II la 1991, si M25 kisheria. Ni A282. Kingefanywa motowei, mwenye pikipiki ndogo wa Dartford anayetaka kwenda ng'ambo angelazimika kuingia London na kuutafuta mto huko. Kwa hiyo duara lile likaachwa wazi mahali pamoja, kwa makusudi, ili kila mtu avuke. Hata mwenye baiskeli hawekwi kando, huvushwa na gari maalumu bila malipo.

Lakini M25 ina siri kubwa zaidi ya hiyo, nayo inaungana na M23 yako. Hapa naomba uniruhusu niende polepole.

Miaka ya 1960 London ilipangiwa barabara za duara nne, moja ndani ya nyingine, zikaitwa Ringways. Ya ndani kabisa ingepita Camden, Hackney, Brixton, mitaa iliyojaa watu. Motowei zinazotoka mikoani zingeingia hadi ndani ya jiji na kuungana na duara hizo. M23 kutoka upande wa Brighton ilikusudiwa kufika Streatham, kusini mwa London, na makutano yake yakahesabiwa kuanzia huko: 1, 2, 3, hadi 6 yakiwa upande wa London. M11 kutoka Cambridge nayo ilikusudiwa kuingia ndani zaidi ya inapoishia leo.

Kipande kilichojengwa mapema kilikuwa Westway, barabara ya juu ya nguzo iliyofunguliwa mwaka 1970 kaskazini mwa Notting Hill. Watu walifungua madirisha ya vyumba vya kulala na kukuta magari yanapita mbele yao, karibu kabisa. Siku ya kufunguliwa wakaazi waliandamana, na London nzima ikaelewa nini kinakuja. Mwaka 1973 chama cha Labour kilishinda uchaguzi wa baraza la jiji kikiwa na ahadi ya kuifuta mipango hiyo, na kikaifuta. Mimi ni mtu wa barabara, lakini naamini waliopinga walikuwa na haki. Brixton iliyokatwa kwa motowei ya juu isingekuwa Brixton tena.

Basi M23 ikajengwa kutoka kusini na kusimama Hooley, kwenye makutano namba 7. Sita za mwanzo zimebaki kwenye karatasi. M11 vilevile: inaanza na namba 4. Na M25 yenyewe imeshonwa kwa vipande vya duara mbili tofauti zilizonusurika: kaskazini na mashariki ni duara la tatu, kusini na magharibi ni duara la nne. Mshono unauona ukifika makutano namba 5, karibu na Sevenoaks. Ukitoka upande wa Reigate ukaendelea kunyooka bila kufanya chochote, hutabaki M25, utajikuta M26. Ili ubaki M25 lazima utoke kwa njia ya pembeni. Madereva wageni hupotea hapo, wakidhani wamesoma kibao vibaya. Kumbe barabara iliyonyooka ndiyo iliyokuwa ya mpango wa awali, na M25 ni kiungo kilichopachikwa kwa ubavu. Margaret Thatcher alifungua kipande cha mwisho tarehe 29 Oktoba 1986, na urefu wake sasa ni kilomita 188.

Kuhusu vibao nitakuwa mfupi, ingawa navipenda sana. Bluu ni motowei, kijani ni A kuu za masafa marefu, nyeupe ni nyingine. Vilichorwa na Jock Kinneir na Margaret Calvert, Calvert akiwa mzaliwa wa Afrika Kusini, na toka Januari 1965 ndivyo vilivyo nchi nzima. Ukiona namba nzima kwenye mabano, kama (A1), maana yake hapo hupo A1 bali unaelekea kwayo. Usilichanganye na (M), ambalo ni sehemu ya jina.

Kimoja zaidi kinakuhusu wewe wa vani. Pembeni mwa motowei nyingi kuna vibao vidogo vya bluu vyenye maandishi ya njano, kila mita 500: jina la barabara, herufi moja, na namba. Herufi inaonyesha upande, A mara nyingi ikiwa ni wa kutoka London na B wa kurudi. Namba ni umbali kwa kilomita, katika nchi ambayo vibao vyake vyote vingine vya umbali ni vya maili. Gari likikuharibikia, msomee anayepokea simu maneno hayo matatu kama yalivyo, naye atajua ulipo bila kukuuliza jina la kijiji.

Aanzie wapi mtu anayetaka kuzijua? Ramani za zamani. Maktaba ya Taifa ya Scotland imeweka mtandaoni ramani za Ordnance Survey (shirika la ramani la serikali) za Uingereza nzima, bure, na unaweza kuilaza ramani ya kale juu ya picha ya leo ya satelaiti. Chukua barabara moja unayoijua kwa kuiendesha, uifuate kilomita kwa kilomita. Utaanza kugundua kwamba maegesho mengi ya pembeni, yale ya umbo la upinde yenye miti katikati, ni kona za barabara ya zamani zilizobaki baada ya kunyooshwa. Usijaribu kupiga picha kutoka kwenye bega la motowei. Pale husimami ila kwa dharura. Madaraja ya waendao kwa miguu yanayokatiza juu ndiyo yanayofaa, na mengi yako jirani na vijiji.

Na ukitaka safari ya Jumapili moja, hii hapa. Toka Leicester kwa B4114, ile A46 ya zamani, hadi uikute A5 upande wa High Cross. Hapo barabara mbili za Warumi zinapishana, Watling Street na Fosse Way. A5 ni Watling Street yenyewe, na ni mpaka wa kanda: ng'ambo yake ya kusini Fosse Way inaitwa B4455, inaanza na 4 kama inavyopaswa. Shika A5 kwenda kusini-mashariki. Utapita karibu na Catthorpe, ambako M6 inazaliwa kutoka M1, kisha Crick, ulipokuwa mwisho wa M1 mwaka 1959, kisha Watford Gap (si ile Watford ya karibu na London), mwanya kati ya vilima ambamo A5, M1, reli ya London na mfereji vimepita kwa kubanana.

Baada ya hapo tafuta njia hadi Dunchurch, ilipo M45. Ilifunguliwa siku moja na M1 na ilikuwa njia ya London kwenda Birmingham, mpaka M6 ilipokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaichukulia kazi. Leo ni miongoni mwa motowei tulivu kabisa nchini, na ni nzuri kuiendesha kwa sababu hiyo. Ila kabla hujaingia, jua kwamba inakumwaga M1 kuelekea London tu. Walioijenga hawakuweka njia ya kupinda kaskazini. M1 ilikuwa bado haijafika Leicester. Itabidi uende hadi makutano ya mbele, namba 16, ugeuze, ndipo urudi nyumbani.